Walifaulu kwa mdoli, leba ikabaki vilevile: kisa cha Haydom

Septemba 2009, wahudumu wa leba katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom walipewa mdoli wa kichanga asiyepumua, wakaambiwa wamhudumie. Waliofaulu walikuwa asilimia 18. Aprili 2010 wakapewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto anayezaliwa bila kupumua, na Novemba mwaka huohuo, miezi saba baadaye, wakarudishwa kwa mdoli. Safari hii walifaulu asilimia 74. Kwenye sehemu ya huduma ya kawaida, ile ya mtoto anayezaliwa akilia, walipanda kutoka asilimia 41 hadi 74 vilevile.

Mratibu yeyote wa mafunzo angeyabeba matokeo hayo kwa mfadhili akitembea kifua mbele. Kutoka 18 hadi 74, tena baada ya miezi saba, si jioni ileile ya semina watu wakiwa bado wana kila kitu kichwani. Kwa kipimo tunachokitumia katika mafunzo mengi ya watumishi wa afya, kazi ilikuwa imekwisha na vyeti vimetoka.

Lakini Haydom, hospitali ya kanisa iliyoanza mwaka 1955 katika Wilaya ya Mbulu, Mkoa wa Manyara, ilikuwa na kitu ambacho hospitali nyingi hazina. Leba kulikuwa na wasaidizi wa utafiti, kwa zamu tatu, usiku na mchana. Kazi yao haikuwa kuzalisha. Walisimama na saa ya sekunde mkononi wakaandika: mtoto ametoka saa ngapi, amekaushwa, amesuguliwa mgongo, amefyonzwa ute, amepuliziwa hewa baada ya sekunde ngapi, na saa 24 baadaye yu hai au la. Daftari lao lilisema jambo lingine kabisa. Watoto waliofyonzwa au kupuliziwa hewa hawakuwa wameongezeka baada ya mafunzo. Kumsugua mtoto ili achangamke, hatua rahisi kuliko zote, kulikuwa kumepungua.

Watafiti waliyachapisha hayo mwaka 2013 bila kuficha: ujuzi umeongezeka kwa mdoli, haukuvuka kwenda kwa mtoto. Nawaheshimu sana kwa hilo. Kuandika kwamba mafunzo uliyoyaendesha mwenyewe hayakubadili kitu wodini kunahitaji moyo, na bila ile saa ya sekunde pasingekuwa na cha kuandika. Tungebaki na 74.

Sasa tuyatazame mafunzo yenyewe, kwa sababu mtu anaweza kudhani yalikuwa hafifu. Hayakuwa. Ni mafunzo ya Helping Babies Breathe, yaliyoandaliwa na American Academy of Pediatrics na washirika wake na kuzinduliwa mwaka 2010 kwa ajili ya mazingira yenye vifaa vichache. Kiini chake wanakiita Dakika ya Dhahabu. Mtoto akitoka anakaushwa vizuri na kutiwa joto. Asipolia, njia ya hewa inasafishwa ikihitajika, mgongo unasuguliwa. Bado hapumui? Kabla dakika ya kwanza haijaisha, anapuliziwa hewa kwa mfuko na maski, pumzi 40 hivi kwa dakika, kifua kikinyanyuka kila pumzi. Hakuna mashine wala dawa. Mdoli wenyewe hujazwa maji ili awe na uzito na ulegevu wa mtoto halisi, na mwalimu akiminya kitufe cha mpira, mapigo yanasikika kwenye kitovu. Wanafunzi hufanya kazi wawiliwawili, mmoja mkunga, mwingine anamwendesha mdoli, kisha wanabadilishana.

Nasisitiza hili la mazoezi ya mikono kwa sababu tumezoea kuilaumu mihadhara. Na mihadhara inastahili lawama. Mwaka 1999 uchambuzi wa Dave Davis na wenzake katika jarida la JAMA ulionyesha kwamba vikao vya kukaa na kusikiliza tu havibadilishi utendaji wa madaktari, wakati vile vinavyowashirikisha wahudhuriaji na kuwapa nafasi ya kufanya mazoezi vinaweza. Tangu hapo wengi tumeishika dawa hiyo: ondoa slaidi, leta mdoli, wape watu wafanye. Haydom walikuwa wameshafanya hivyo, na hawakupata matokeo. Ndiyo maana kisa hiki kinanifundisha zaidi ya semina mia za slaidi zilizoshindwa. Hizo zinashindwa kwa sababu tunayoijua.

Mwalimu wa udaktari George Miller, mwaka 1990, aliupanga ujuzi wa mtaalamu wa afya kama piramidi yenye ngazi nne. Chini kabisa anajua. Juu yake anajua namna ya kufanya. Ngazi ya tatu anaonyesha kwamba anaweza. Kileleni anafanya, kazini, pasipo mtu wa kumsimamia. Semina ya Haydom iliwapandisha watu hadi ngazi ya tatu, na iliwapandisha vizuri. Tatizo ni kwamba mtihani nao ulikuwa wa ngazi ya tatu, kwa hiyo ulikuwa ukipima kile ambacho semina imekitengeneza. Mtihani wa mdoli hauwezi kukuambia kama ngazi ya nne imefikiwa. Na fomu za mwisho wa semina, zile za "unajiamini kiasi gani sasa?", ndizo mbaya zaidi. Mwaka 2006 Davis huyohuyo na wenzake walilinganisha jinsi madaktari wanavyojipima wenyewe na jinsi wanavyopimwa na wengine. Katika milinganisho 20, 13 ilionyesha uhusiano mdogo, au haupo, au uko kinyume.

Kwa nini basi ujuzi ulibaki kwa mdoli? Makala zenyewe hazimalizi swali hili, na ninayoandika hapa ni usomaji wangu.

Anza na mkono. Kushika maski kwenye uso wa kichanga si jambo la akili, ni la vidole. Kidole gumba na cha shahada vinazunguka maski kama pete na kuibana chini, huku vidole vilivyobaki vikilivuta taya la mtoto juu kuelekea kwenye maski. Ukikandamiza tu bila kuvuta taya, kichwa kinainama, njia ya hewa inajifunga, unaminya mfuko na kifua hakisogei. Ukilegeza kidogo upande wa shavu, hewa inatoka pembeni kwa mlio mdogo ambao leba yenye kelele husikii. Unachokiona ni kifua kilicholala tu, na sekunde zinakwenda. Mkono uliofanya hivi mara sita Aprili, Novemba unaweza kukumbuka ukipewa utulivu, taa nzuri na mwalimu anayesubiri. Saa tisa usiku mkono huohuo umetoka kukata kitovu, mama anavuja damu, kondo halijatoka, na mkunga yuko peke yake.

Halafu hesabu ya nafasi za kufanya. Katika mwaka ulioanza Februari 2010 Haydom walizalisha 4,894, na watoto 357 walipuliziwa hewa kwa mfuko na maski. Ni kama mtoto mmoja kwa siku kwa wodi nzima. Inaonekana ni wengi. Lakini ukiwagawanya, tuseme, kwa wahudumu 40 wanaopokezana zamu, kila mmoja anakutana na watoto tisa kwa mwaka, mmoja kila wiki sita. Hakuna mpiga ngoma anayebaki mpiga ngoma kwa kugusa ngoma mara moja kila wiki sita, tena kila mara ikiwa ndiyo siku ya harusi.

Na kuchelewa kuna gharama iliyopimwa palepale. Mwaka 2012 timu ya Haydom ilichapisha kwamba kwa kila sekunde 30 za kuchelewa kuanza kumpulizia hewa mtoto, hadi dakika sita, hatari ya kufa au kulazwa kwa muda mrefu iliongezeka kwa asilimia 16. Sekunde 30 ni muda wa kutafuta maski ya saizi sahihi kwenye droo.

Februari 2011 wakabadilisha. Hawakuleta semina nyingine wala wataalamu wengine. Mdoli na mfuko vikawekwa leba yenyewe, na wafanyakazi wa hospitali hiyohiyo wakawa ndio wa kuendesha mazoezi. Kila wiki, dakika tatu hadi tano. Kila mwezi, marudio ya dakika 40. Basi.

Dakika tatu zinaonekanaje? Zamu inakabidhiwa. Mwenye zoezi anamlaza mdoli mezani, palepale ambapo saa moja baadaye atalazwa mtoto, anasema: "Dada, huyu ametoka sasa hivi, halii." Huyo aliyeitwa hajajiandaa, ana kalamu mdomoni. Anakausha, anasugua, anachukua mfuko kutoka mahali mfuko unapokaa kila siku, na kama haupo, hilo nalo limegundulika kabla ya mtoto halisi kulihitaji. Anapulizia. "Kifua?" "Hakinyanyuki." "Rekebisha kichwa." Kinanyanyuka. Mdoli anarudishwa, zamu inaendelea. Hakuna aliyepanda gari, hakuna wodi iliyobaki tupu kwa sababu wakunga wote wako ukumbini. Anayemsahihisha ni mwenzake wa kila siku, ambaye usiku wa leo huenda wakawa wawili kwa mtoto mmoja.

Mwaka uliofuata, Februari 2011 hadi Januari 2012, walizalisha 4,814. Watoto waliosuguliwa wachangamke walipanda kutoka asilimia 14.5 hadi 16.3. Waliofyonzwa wakapanda kutoka asilimia 13.0 hadi 15.8. Waliopuliziwa hewa wakashuka kutoka 357 hadi 283, yaani kutoka asilimia 7.3 hadi 5.9. Vifo ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Matokeo hayo, ya Estomih Mduma na wenzake, yalichapishwa mwaka 2015.

Simama kidogo kwenye ile ya kupulizia. Kama ungeniuliza kabla, ningesema mafunzo mazuri ya mfuko na maski yataongeza matumizi ya mfuko na maski. Yalipungua, na vifo vikapungua navyo. Maelezo yanayoingia akilini ni kwamba mtoto anayekaushwa na kusuguliwa mapema na sawasawa mara nyingi huanza kupumua mwenyewe, kwa hiyo wachache wanafika hatua ya mfuko. Mratibu ambaye angeandika kwenye andiko lake kwamba kigezo cha mafanikio ni "ongezeko la watoto waliohudumiwa kwa mfuko" angeusoma mwaka ule kama mwaka wa kushindwa. Vigezo tunavyoviandika mapema, kabla hatujaijua kazi, vinaweza kutupotosha namna hii.

Tofauti ya 3.9 kwa kila 1,000, ukiizidisha kwa watoto 4,814, inakaribia watoto 19 katika mwaka mmoja, katika hospitali moja.

Hapa kuna hesabu nyingine ambayo wanaolisifia Haydom huiruka. Mtindo huu umepata jina la "dozi ndogo, mara nyingi", na watu husikia "ndogo" wakadhani ni rahisi. Dakika tatu hadi tano kwa wiki 52 ni dakika 156 hadi 260. Dakika 40 kwa miezi 12 ni 480. Jumla inakuwa saa 10 na nusu hadi 12 na ushee kwa mwaka kwa kila anayehudhuria yote. Hiyo ni zaidi ya semina ya siku moja. Kwa hiyo mtu mkali anaweza kuuliza: je, kilichofanya kazi ni kugawanya muda, au ni kuuongeza tu? Kisa hiki peke yake hakiwezi kumjibu. Nami naona swali lake ni la haki. Ninachoweza kumwambia ni kwamba saa 12 za semina ungezipata kwa kuwatoa watu kazini siku mbili, na hakuna hospitali ya wilaya inayoweza kuitoa leba nzima siku mbili. Saa hizohizo zikikatwa vipande vya dakika tatu, wodi haioni kwamba imezitoa.

Kuna mashaka mengine. Ni ulinganisho wa kabla na baada, hospitali moja, bila kundi la kulinganisha nalo. Chochote kingine kilichobadilika Haydom mwaka 2011, kama mpangilio wa zamu au aina ya akina mama wanaopewa rufaa, kinaweza kuwa na mkono wake. Tofauti ya vifo imevuka mstari ambao wanatakwimu huutumia kusema si bahati tu, lakini kwa nafasi ndogo.

Tena kuna ushahidi unaovuta upande wa pili. Mwaka 2013 Georgina Msemo na wenzake walichapisha matokeo ya mafunzo haya katika hospitali nane nchini Tanzania: vifo ndani ya saa 24 vilishuka kutoka 13.4 hadi 7.1 kwa kila 1,000, karibu nusu, na watoto waliozaliwa wafu muda mfupi baada ya kupoteza uhai wakapungua kutoka 19.0 hadi 14.4. Nayo ni kabla na baada, watoto 8,124 kabla na 78,500 baada. Anayependa semina hulichomoa hili. Mimi nalisoma hivi: mafunzo yaleyale yalizaa matokeo mazuri katika hospitali nane kwa jumla na hayakuzaa kitu Haydom kwa siku moja ile, kwa hiyo maudhui hayakuwa ndiyo yenye kasoro. Kinachotofautiana ni kinachofuata baada ya mwalimu kuondoka. Watu wanaolumbana kuhusu mtaala wanalumbana mahali pasipo.

Na hapa ndipo kisa kinagusa mfumo wetu wa mafunzo endelevu. Baraza la Madaktari Tanganyika na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania wote wanataka mtaalamu aonyeshe kwamba anaendelea kujifunza ili ahuishe leseni. Ni takwa zuri, na ningekuwa wa kwanza kulitetea. Ila pointi za kuhesabia kujifunza huko zinafuata kile kinachoweza kuthibitishwa kwa karatasi: jina kwenye orodha ya mahudhurio, saa za ukumbini, cheti chenye muhuri. Semina ya Aprili 2010, ambayo haikubadili wodi, inaingia kwenye mfumo huo bila shida. Dakika tatu za kila wiki, zilizoendana na watoto 19, zinaingiaje? Nani anasaini? Mkunga wa zamu? Na posho, ambayo wengi huitegemea kwa haki kabisa kwa sababu mshahara ni mdogo, inafuata safari na ukumbi. Zoezi la leba halina safari. Kwa hiyo mfumo mzima, bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya, unamlipa mtaalamu atoke wodini kwenda kujifunza, wala haumlipi anayefundisha wodini.

Sidhani dawa ni kuzifuta semina. Bila ile ya Aprili, hakuna ambaye angejua kumshika mdoli Februari. Mtu hujifunza jambo jipya akiwa ametulia, mbele ya mwalimu anayelijua. Ninachokiomba ni kwamba anayeandaa semina aandike, kabla ya kuandika bajeti ya ukumbi, nani atafanya zoezi gani, wapi, wiki ya kwanza, ya pili na ya 30 baada ya wageni kuondoka. Kama ukurasa huo ni mtupu, afadhali fedha zinunue midoli. Na aandike pia atakavyojua kama kitu kimebadilika kitandani. Si lazima iwe saa ya sekunde na zamu tatu za watafiti. Hospitali nyingi hazitaweza hilo. Rejista ya uzazi ipo kila mahali. Safu moja ya sekunde ngapi hadi pumzi ya kwanza ya mfuko, ikijazwa kwa uaminifu, inatosha kuanza.

Haydom haikuishia hapo. Wazo lilikua likawa mpango wa Safer Births, na baadaye likapelekwa vituo 30 katika mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, kila kituo kikiwa na vinara wake wa kuendesha mazoezi mafupi, na mdoli anayempa mkunga majibu papo hapo kama anapulizia sawasawa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha vifo vya watoto karibu na wakati wa kuzaliwa vimepungua.

Kinachonikosesha usingizi ni kinara. Kila kitu kinamtegemea yeye: ndiye anayekumbuka Jumatatu, ndiye anayemsihi mwenzake aliyechoka, ndiye mwenye ufunguo wa kabati. Na watumishi wa afya huhamishwa. Barua inakuja Alhamisi, Jumatatu yuko wilaya nyingine, na mdoli anabaki kabatini akiwa na maji yake. Ningependa kuona, kwenye ukuta wa leba, karatasi yenye majina mawili: la kinara, na la atakayeushika ufunguo akiondoka. Chini yake, tarehe ya zoezi la mwisho, imeandikwa kwa mkono.